Tovuti Isomekayo Katika Kila Simu

Mwamini wa Mlingotini au Saadani atafutaye ratiba ya Misa mara nyingi hufungua tovuti kwa simu ya mkononi. Ukurasa uliopangwa kwa upana usiobadilika wa pikseli 1,000 humlazimu kuusogeza kushoto na kulia, naye huchoka kabla hajaipata saa ya Misa.

Mwaka 2010, msanifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza njia ya kuondoa adha hiyo, yenye mambo matatu. Kwanza, upana wa safu hupimwa kwa asilimia ya kioo. Pili, picha hupungua pamoja na safu iliyozibeba. Tatu, ukurasa huwekewa masharti: kioo kikiwa chembamba, safu tatu hupangwa moja chini ya nyingine, na maandishi hubaki ya kusomeka.

Aidha, kioo chenye pikseli nyingi huhitaji picha kubwa, lakini picha nzito humaliza kifurushi cha intaneti. Yafaa kuweka picha za ukubwa mbalimbali, ili kivinjari kichague inayotosha.

Basi, anayehudumia tovuti ya parokia aujaribu ukurasa wake kwanza katika simu ndogo kuliko zote. Mwenye simu hiyo asiachwe nje ya mlango.