Mboza bado anangoja riwaya yake

Riwaya za taharuki kuhusu wanawake wa Marekani ya kale zina ukuta ambao mwandishi hana haja ya kuujenga, anaukuta umesimama. Ni sheria. Katika makoloni ya Waingereza, mali ya mke ilikuwa mikononi mwa mumewe. Akifiwa na mume, mwanamke yuleyule aliweza kununua, kuuza na kushtaki kwa jina lake. Mjane basi ni mhusika mtamu: ana cha kupoteza, na majirani wanakimezea mate.

Lakini taharuki ya kihistoria ina tatizo lake: mwisho unajulikana. Anne Hutchinson alishtakiwa Massachusetts mwaka 1637 kwa mafundisho yake ya dini, akafukuzwa 1638. Msomaji hangoji kujua kama atafukuzwa. Anangoja kuona nani atamgeuka, na lini Anne mwenyewe atang'amua kwamba hukumu imekwisha kuandikwa.

Sasa tupande Usambara, kwenye taharuki ya namna hiyohiyo. Ukitoka Lushoto unateremka hadi Soni, kisha unashika njia ya Vugha, yaliyokuwa makao makuu ya wafalme wa Kilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu. Mmoja wa wafalme hao, Kinyashi, alikuwa na dada, Mboza. Kinyashi alipokufa, Mboza alikuwa na mtu wake wa kukalia kiti. Vugha ikamtawaza Shebughe, baba yake mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mboza hakupiga magoti. Alihamia Mshihwi, na huko ukasimama utawala usioitii Vugha.

Hebu fikiria usiku wa kifo cha Kinyashi. Kwa Washambaa, wenyeji wa Usambara, kifo cha mfalme hakikutangazwa. Kilifichwa mpaka mrithi aingie Vugha gizani, kama Mbegha alivyoingia. Kwa hiyo kuna saa kadhaa ambazo nchi nzima imelala ikidhani mfalme yu hai, na wachache wanaojua wanashindana mbio. Mwandishi wa taharuki angelipa fedha apate usiku wa namna hiyo. Hapa upo bure, na mama mwenye akili yumo ndani yake.

Ukuta wa Mboza si ule wa mjane wa Marekani. Yeye ni Mkilindi kwa damu, sauti anayo. Kinachomkwamisha ni kwamba nguvu yake lazima ipitie kwa mwanamume atakayetawazwa, na mwanamume huyo anaweza kuchelewa njiani. Atakayemwandika kama malkia wa filamu, mwenye upanga na hotuba za uhuru, atakuwa amemuua mara ya pili.

Mwandishi kijana wa Lushoto, anza na *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, toleo la 1962. Kisha nenda Vugha ukawasikilize wazee, maana simulizi hutofautiana, na palipo na tofauti ndipo riwaya yako ilipo.