Zimwi Kwanza, Fumbo Baadaye: Maoni Juu ya Riwaya Tano za Fantasia

Utangulizi

Makala haya yana lengo la kutoa maoni juu ya riwaya tano za fantasia nilizozisoma hivi karibuni. Mbili ni za Kiingereza na tatu ni za Kiswahili. Sikusudii kuzifanyia uhakiki kamili wa fani na maudhui, maana kazi hiyo inadai kurasa nyingi kuliko nilizopewa. Nakusudia kutetea hoja moja tu: riwaya ya fantasia isomwe kwanza kama ilivyo, na fumbo lake litafutwe baadaye.

Kwa nini hoja hii? Kwa sababu sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja, na tuseme ukweli, tumeambukizwa darasani. Tukikuta jini kwenye kitabu, mara moja tunauliza jini huyo anawakilisha nani. Tukikuta nchi inayoning'inia angani, kama ile ya Kusadikika (1951), tunajibu haraka haraka kwamba hiyo ni Tanganyika chini ya mkoloni, tunapata maksi zetu, basi. Jibu lenyewe si baya. Ila mtu anaweza kulitoa bila kuifungua riwaya, na jibu la namna hiyo, ndugu msomaji, lina kasoro.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii ina fumbo, hakuna anayebisha. Lakini inafanya kazi kwa sababu msikilizaji anakubali kwanza kwamba zimwi lina meno na kwamba linakula watu kweli. Ling'oe meno zimwi hilo uone kama methali itabaki na kitu.

Fantasia na vipimo vyake

Kwa fantasia nina maana ya masimulizi ambamo jambo lisilowezekana katika maisha tunayoyajua linachukuliwa kuwa kweli na wahusika, na mwandishi anaendelea kulishikilia hadi mwisho. Ngano nazo zina maajabu, lakini katika ngano sungura akisema hakuna anayemhoji. Riwaya ni ndefu, msomaji anakaa nayo siku nyingi, ana nafasi ya kuuliza maswali. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya ya fantasia analazimika kujenga ulimwengu unaosimama.

Katika kusoma kwangu nimetumia vipimo vitatu. Kwanza, jambo la ajabu lina sheria gani? Pili, anayelitumia analipa nini? Tatu, tukiliondoa fumbo lote, je, mhusika bado angetugusa?

Kivuli chenye jina

Riwaya ya kwanza ni A Wizard of Earthsea (1968) ya Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2018. Ni habari ya Ged, mtoto wa kijijini katika kisiwa cha Gont, mwenye kipaji cha uganga. Anapelekwa katika kisiwa cha Roke kusomea kazi hiyo. Huko anashindana na mwanafunzi mwenzake kwa majivuno tu, anamwita mfu kutoka kuzimu, na pamoja na mfu huyo kinatoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa chuo anafariki kwa kutumia nguvu zake zote kuliziba pengo alilolifungua kijana yule.

Hebu tutumie vipimo. Sheria ipo: kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana uwezo juu yake. Kwa hiyo watu wanayaficha majina yao, na kumpa rafiki jina lako la kweli ni kumpa roho yako mkononi. Malipo yapo pia, tena makubwa. Hata kugeuza kijiwe kimoja kuwa kitu kingine ni kuutikisa mzani wa dunia nzima. Mwishoni Ged anakifuata kivuli hadi mwisho wa bahari, na jina analokiita ni jina lake mwenyewe.

Mtu anaweza kusema kivuli ni upande mbaya wa nafsi. Sawa. Lakini msomaji aliyekimbizwa pamoja na Ged kutoka kisiwa hadi kisiwa hahitaji kuambiwa hivyo, ameshakiona. Na aliyeanza na jibu hilo hakimbizwi hata kidogo.

Kasoro haikosi. Wanawake katika kitabu hiki wamewekwa pembeni, na uganga wao unadharauliwa kana kwamba ndiyo kanuni ya maumbile. Le Guin mwenyewe alilirudia jambo hilo katika Tehanu (1990), riwaya ya ulimwengu uleule, safari hii akimweka mwanamke katikati ya masimulizi.

Soko la mauti

Ya pili ni The Palm-Wine Drinkard (1952) ya Amos Tutuola wa Nigeria. Msimulizi wake ni mlevi wa tembo hasa. Baba yake amempa shamba la minazi ya tembo 560,000, au tuseme michikichi, na mgema wa kumgemea. Mgema anaanguka mtini anakufa, na mlevi wetu anaamua kumfuata hadi mji wa wafu. Jamani, kiu gani hii!

Sheria ya ulimwengu huu ni sheria ya soko. Yupo bwana mmoja mzuri wa sura ambaye binti mmoja anamfuata kutoka sokoni. Njiani bwana yule anarudisha miguu aliyoikodi, analipa. Anarudisha mikono, analipa. Mpaka linabaki fuvu tupu linaloruka. Baadaye msimulizi na mkewe wanauza mauti yao na kukodisha hofu yao kwa malipo ya kila mwezi. Hofu wanairudisha, lakini mnunuzi wa mauti anakataa kurudisha mali aliyokwisha kuinunua. Matokeo yake ni kwamba hawawezi kufa, lakini wanaweza kuogopa.

Mhakiki wa haraka ataandika "ubepari" pembeni mwa ukurasa na kuendelea. Mimi nasema asimame kidogo. Mtu asiyeweza kufa lakini anaogopa ni hali ambayo hakuna riwaya ya kihalisia ingeweza kutuonyesha, na neno "ubepari" halijaigusa bado. Ninachomlaumu Tutuola ni msuko. Matukio mengi yamefungwa kama shanga, ukiibadilisha moja na nyingine uzi haukatiki.

Mtu mwema na mjeledi

Sasa tuje nyumbani. Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert ina asili yake katika Alfu Lela u Lela, na sote tumezoea kuisoma kama kitabu cha maadili. Ni kweli majina yanatuambia mapema nani ni nani: Adili, Hasidi na Mwivu. Msomaji wa leo anaweza kuona hakuna cha kutafuta hapo.

Lakini angalia sheria ya jini. Ndugu wawili waliomtosa Adili baharini wamegeuzwa manyani, na Adili ameamriwa awapige kila usiku. Asipowapiga, ataadhibiwa yeye. Basi mtu huyu mwema anawalisha ndugu zake, kisha anachukua mjeledi, anawapiga, na analia. Hapo ndipo riwaya inapoponyoka kutoka katika somo lake la maadili. Wema wenyewe umelazimishwa kuwa na mkono mkatili, usiku baada ya usiku, nyuma ya milango. Uchawi umemtoza Adili bei ambayo jina lake halikuitaja.

Anayeuliza tu "manyani wanawakilisha nini" atapata jibu la wivu na ubaya wa binadamu. Anayeuliza "Adili anajisikiaje akiinua mkono?" atapata riwaya.

Babu na bina-Adamu

Riwaya mbili za mwisho nazisoma kwa pamoja kwa sababu zilifuatana kwa mwaka mmoja na zote zinaikemea dunia ya leo. Babu Alipofufuka (2001) ni ya Said Ahmed Mohamed, na Bina-Adamu! (2002) ni ya Kyallo Wadi Wamitila.

Katika ya kwanza, kigogo aitwaye K anatokewa na babu yake aliyekufa zamani. Siasa imejaa tele humu: ufisadi, ubinafsi, nchi iliyouzwa na wenyewe. Hata hivyo babu huyu ni babu kwanza. Anaposema, K anarudi kuwa mjukuu, na woga wake ni ule wa mjukuu aliyekamatwa na mzee wake akifanya jambo la aibu. Kwa kuwa woga huo tunaujua sote, lawama ya kisiasa inaingia bila kubisha hodi. Hapa zimwi lina meno na fumbo lina nguvu.

Bina-Adamu! ni riwaya ya kijanja. Mhusika mkuu anasafiri ulimwenguni kutafuta chanzo cha balaa lililowaangukia watu wake, akimsaka mmoja aitwaye P.P., yaani Peter Pan, yule mtoto asiyekua wa mwandishi J. M. Barrie. Kumfanya mtoto asiyekua awe mtawala wa kijiji cha utandawazi ni ubunifu ambao ningetamani ungekuwa wangu. Lakini kwa vipimo vyangu nina manung'uniko. Safari inaweza kwenda popote, haimtozi msafiri bei ninayoiona, na karibu kila kituo kinanipa somo kabla sijashuka garini. Fumbo limetangulia, zimwi linakuja nyuma likihema.

Hoja ya upande wa pili

Najua walimu wetu watasema nini. Watasema waandishi wa Kiswahili hawakuchagua fumbo kwa starehe. Wapo walioandika chini ya mkoloni, wapo walioandika chini ya watawala wasiopenda kuambiwa kitu, na fumbo lilikuwa ngao. Watasema pia kwamba uhakiki wa miaka ya 1970 na 1980 uliidai fasihi iseme wazi iko upande gani wa jamii, na dai hilo lilikuwa na haki yake.

Nakubali yote. Ila ngao haifanyi kazi ikiwa ni ya karatasi. Hadithi inayojifanya hadithi tu, huku kila mtu anaona inachosema, haimfichi mwandishi wala haimfurahishi msomaji. Fumbo zuri linamficha mwandishi kwa sababu hadithi yake inatosha peke yake.

Hitimisho

Lililo hatarini hapa ni zaidi ya namna ya kujibu mitihani. Miongoni mwetu wamo wanaoandika. Wakifundishwa kwamba jini ni kifuniko tu, wataandika vifuniko. Watamchukua kila waziri mwizi wamvike pembe, na wasomaji wao wataenda kutafuta majini ya kweli katika vitabu na filamu za watu wengine.

Napendekeza hivi: tukiifungua riwaya ya fantasia semina ijayo, nusu saa ya kwanza neno "anawakilisha" lisitajwe. Tuulize jini anataka nini, anaweza nini, hawezi nini, na nani analipa. Kisha tufumbue tutakavyo. Mwenye maoni tofauti, hasa wapenzi wa Bina-Adamu!, nafasi ya kujibu ipo katika kurasa hizi.