Kabla ya kununua buti, pima njia kwanza

MVUA inapoanza kunyesha, mabuti na magambuti huwa bidhaa za kutafutwa katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Kuanzia Umoja na Kayole hadi Dandora, Mathare na Mukuru, vijia ambavyo wakati wa kiangazi hupitika kwa viatu vya kawaida hugeuka matope na madimbwi.

Wanunuzi wengi huamini kwamba kadiri buti linavyokuwa refu, ndivyo linavyomkinga zaidi anayelivaa. Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Urefu unaofaa hutegemea hatari iliyo njiani: maji yaliyotuama, matope, miiba, misumari au mteremko wa mawe. Buti linalomfaa mchimba mtaro huenda likamchosha bure mtembezaji wa bidhaa.

Soko la Gikomba lina mabuti ya kila namna. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, lakini mabuti yaliyoshonwa kwa ajili ya wawindaji, wanajeshi na wapanda milima wa ng'ambo huuzwa katika masoko ya mitumba. Kila moja lilitengenezewa ardhi fulani, na ndiyo sababu urefu wake hutofautiana.

<b>Madaraja ya urefu</b>

Kwa kawaida mabuti ya ngozi hupimwa kwa inchi. Lile la inchi 6, yaani takribani sentimita 15, hufunika kifundo cha mguu na kuishia juu yake kidogo. Hili linatosha kwa kazi ya mjengo, kwa mwendo mrefu wa lami na changarawe, na kwa vidimbwi vidogo.

Buti la inchi 8 hadi 10, takribani sentimita 20 hadi 25, hupanda kwenye muundi. Wawindaji wa nchi za baridi hulipenda kwa sababu huzuia umande wa nyasi ndefu, miiba na changarawe kuingia ndani. Gambuti refu hukaribia goti, na hilo ndilo la maji yaliyotuama na matope mazito.

Kila sentimita inayoongezwa ina gharama yake. Uchunguzi kuhusu wanaotembea na mizigo umeonyesha kuwa uzito ulio miguuni huchosha zaidi ya mara 4 kuliko uzito uo huo ukibebwa mgongoni. Anayetoka Kayole kwa miguu hadi viwandani kila alfajiri atauhisi uzito huo kabla ya kuanza kazi.

Vilevile, si kweli kwamba shingo ndefu ya buti pekee humzuia mtu kuteguka mguu. Muhimu zaidi ni kisigino kukaa imara, soli kushika ardhi na kamba kufungwa vizuri. Buti refu lililolegea ni hatari kuliko fupi linalokaa sawasawa.

<b>Udongo mweusi na kinyesi cha mtaro</b>

Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Udongo huo hunata na kuvuta. Anayevaa gambuti pana kupita kiasi anaweza kuutoa mguu wake na kuliacha gambuti limezama topeni.

Kwa hiyo, anayenunua gambuti anafaa kulijaribu akiwa amevaa soksi nene, kisha atembee, apande ngazi na kuchuchumaa. Kisigino kisipande na kushuka ndani, na ukingo wa juu usikwaruze muundi wala kukaza shavu la mguu. Soksi nazo ziwe ndefu kuliko buti, la sivyo malengelenge hayataepukika.

Urefu una manufaa makubwa pale ambapo maji ya mvua yamechanganyika na maji taka. Vimelea vya homa ya panya, ambavyo hutoka katika mkojo wa panya, huingia mwilini kupitia mikwaruzo ya ngozi. Mwenye kidonda mguuni anahitaji gambuti linalopita kina cha maji kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu hatua moja huyarusha maji juu.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo hatari hutoka chini. Wanaookota taka katika jaa la Dandora hukanyaga vigae vya chupa, mabati na hata sindano. Kwao, bamba la chuma ndani ya soli lina thamani kuliko sentimita 10 za ziada kwenye shingo ya buti.

Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga, vikiwemo viatu vinavyofaa pale inapohitajika.

<b>Maji yaendayo kasi</b>

Tahadhari kubwa kuliko zote inahusu mafuriko. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 pekee yanaweza kumwangusha mtu mzima. Hicho ni kina cha buti la inchi 6, na gambuti la kufika gotini huwa bado halijaingiza hata tone.

Kwa maneno mengine, gambuti linaweza kumfanya mtu ajione salama mahali ambapo tayari yumo hatarini. Maji yakishapita ukingo, gambuti hujaa na halina pa kuyatoa. Kila mguu unapoinuliwa huinuka na lita kadhaa za maji, na kukimbia huwa shida.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoathiri vibaya Mathare na Mukuru, yalidhihirisha jinsi mito ya Nairobi inavyofurika kwa muda mfupi. Maji yanapokwenda kasi, hakuna urefu wa buti unaoyafanya yavukike. Ushauri ni kurudi nyuma na kutafuta njia nyingine.

<b>Nje ya jiji</b>

Kwa mkazi anayekwenda mashambani Ukambani au kupanda mlima Longonot, hesabu hubadilika. Katika vichaka vikavu huishi moma, nyoka mwenye mazoea ya kutulia njiani hadi akanyagwe. Kwa kuwa watu wengi huumwa na nyoka chini ya goti, buti gumu la inchi 8 au zaidi, pamoja na suruali ndefu, hupunguza hatari hiyo ingawa haliiondoi.

<b>Kukagua mitumba</b>

Anayenunua Gikomba akague ulimi wa buti, yaani ule mkunjo ulio nyuma ya kamba. Mara nyingi ulimi hushonewa pande zote mbili hadi kiwango fulani tu. Maji huanza kuingilia hapo mshono unapokomea, hata buti likiwa limepanda juu zaidi.

Pili, alikunje buti. Baadhi ya soli za plastiki laini zilizokaa ghalani kwa miaka mingi humomonyoka mara tu zinapoanza kutumiwa, hata kama ngozi ya juu inang'aa.

Tatu, achunguze mahali soli inapoungana na ngozi. Mfanyabiashara Mmarekani Leon Leonwood Bean alipouza mabuti yake ya kwanza ya uwindaji mwaka wa 1912, yaliyokuwa na mpira chini na ngozi juu, jozi 90 kati ya 100 zilirudishwa kwa sababu sehemu hizo mbili ziliachana. Urefu wake haukuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa kwenye kiungo.

Mwisho, mnunuzi apime njia anayoipita kila siku: maji yaliyotuama yanafika wapi mguuni mwake, na safari ni ya umbali gani? Akiwa na majibu hayo mawili, hatalipia urefu asiouhitaji.