Adongo: Barobaro wa raga aliyeingia NFL, na maswali ya mzazi wa Homa Bay

UKISHUKA matatu pale Rodi Kopany, ambapo barabara itokayo Rongo hupachana na ile ya Ndhiwa kabla ya kuteremka Homa Bay, utawaona vijana wa miaka kumi na sita na kumi na saba waliokwisha kuwapita baba zao kimo. Wanabeba magunia ya mahindi begani kana kwamba ni mito ya kulalia. Ukifika Mbita utawakuta wenzao wakivuta nyavu za mbuta. Hiyo ni miili ambayo kocha wa raga huiota usiku, lakini wengi wao wanajua kandanda tu. Upande wa Migori, mzee yeyote wa Awendo atakueleza jinsi SoNy Sugar ilivyotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2006, na usimkatize.

Mwaka 2013, mwaka ule ule ambao Migori na Homa Bay zilipata magavana wake wa kwanza, zilivuma habari zilizowafanya watu wa huku watazamane. Kijana Mkenya aitwaye Daniel Adongo alikuwa ametia saini mkataba na Indianapolis Colts, timu ya NFL, ligi kuu ya kandanda ya Marekani. Hatusemi kwamba ni mzaliwa wa Homa Bay, la, alizaliwa Nairobi Oktoba 1989. Lakini jina la Adongo halihitaji mkalimani katika ufuo huu wa ziwa. Kwa Wajaluo ni jina la binti aliyezaliwa wa pili katika mapacha, na likiandikwa mgongoni mwa fulana huko ng'ambo, kila boma lenye mapacha hulidai kuwa lake.

Adongo alisomea Rift Valley Academy, shule ya wamishonari huko Kijabe ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi mwaka 1909. Hapo ndipo raga ilipomchukua. Alipitia Sharks ya Durban, kisha akavuka bahari kuichezea Counties Manukau ya New Zealand. Alikuwa jabali la karibu mita 1.96, mwenye uzani wa zaidi ya kilo 110, na bado alikuwa na mbio. Wamarekani walipomchukua mwishoni mwa Julai 2013 hakuwa amewahi kucheza hata mechi moja ya mchezo wao.

Hebu tusimame kidogo hapo. Msomaji anayedhani kandanda ya Marekani ni raga iliyovaa kofia amekosea sana. Katika raga mpira haurushwi mbele, na asiye na mpira haguswi. Kule mpira hurushwa mbele, na mtu asiyeushika anaweza kusukumwa na dubu la kilo 140 ambalo kazi yake yote ni kumzuia asipite. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Kila nafasi huchukua sekunde chache tu, kisha wote husimama, hupanga hila mpya, na kugongana tena. Hila hizo zimeandikwa katika kitabu kinene ambacho mchezaji sharti akihifadhi kama mwanafunzi wa madrasa anavyohifadhi sura.

Adongo aliwekwa katika nafasi iitwayo lainibeka, yaani beki anayesimama nyuma ya safu ya kwanza ya walinzi au pembeni mwake. Huyo ndiye mwindaji wa timu. Mpira ukianza anapaswa kuamua mara moja: je, huyu anakimbia nao au ataurusha? Nimfuate yule wa pembeni au nimvamie mrushaji? Akikosea kwa hatua moja, mpinzani amekwisha kumpita. Katika timu hiyo alimkuta Robert Mathis, beki wa nafasi hiyo hiyo, ambaye msimu ule aliongoza ligi nzima kwa kuwaangusha warushaji mara 19.5. Basi mwana wa Kijabe alikuwa akijifunza herufi huku mwenzake wa dawati akiandika kitabu.

Alianzia katika kikosi cha mazoezi, wale wanaofanya tizi wiki nzima na siku ya mechi kubaki watazamaji. Mapema Disemba akapandishwa katika kikosi cha watu 53. Mnamo Disemba 8, 2013, mjini Cincinnati, aliingia uwanjani na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Colts walipigwa 42-28 na Bengals siku hiyo. Kazi yake ilikuwa katika vikosi vya mateke, ambavyo hukimbia kasi ya mwisho kumwangusha mpokeaji wa mpira. Ndiyo kazi anayopewa mgeni, nayo ni miongoni mwa zinazoumiza zaidi.

Kuhusu malipo, kwa kuwa najua ndilo swali la kwanza la mzazi: kima cha chini cha mchezaji mgeni msimu huo kilikuwa dola 405,000. Kwa thamani ya fedha ya wakati huo ni kama shilingi milioni 35 za Kenya. Usichukue kalamu kupiga hesabu ya nyumba ya ghorofa bado. Malipo hayo yaligawanywa kwa majuma 17, na mchezaji aliyelipwa kwa kiwango hicho aliyapata kwa majuma aliyokuwa katika kikosi tu. Kikosi cha mazoezi kilianzia dola 6,000 kwa wiki. Ushuru hukatwa, wakala huchukua chake, na timu inaweza kukuachisha Jumanne bila kukudai wala kukulipa zaidi. Hata pensheni ya ligi hiyo humtaka mchezaji awe na misimu mitatu inayohesabika.

Misimu miwili iliyofuata majeraha hayakumwachia Adongo. Mechi za ligi alizocheza zinahesabika kwa vidole vya mikono, na mwishoni mwa mwaka 2015 Colts waliachana naye. Hakurudi tena katika ligi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 26, umri ambao mwalimu aliyehitimu hapa Migori aghalabu bado anangoja TSC imkumbuke.

Wapo waliosema alishindwa. Mimi siafiki. Andrew Luck, mrushaji nyota wa timu hiyo hiyo, aliyezaliwa na kulelewa katika mchezo huo, alistaafu Agosti 2019 akiwa na miaka 29 kwa kuchoshwa na majeraha. Kama mwenye nyumba amehama, mgeni alaumiwe kwa lipi?

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kichwa. Mwaka 2002, katika mji wa Pittsburgh, daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa zamani aliyekufa akiwa hoi. Alikuta uharibifu uliotokana na kugongwa kwa miaka mingi. Ligi ilimpinga kwa muda mrefu. Junior Seau, lainibeka aliyecheza misimu 20, alijitoa uhai Mei 2012 akiwa na miaka 43, na Januari 2013 ikatangazwa kwamba ubongo wake ulikuwa na maradhi hayo hayo. Agosti 29 mwaka huo, Adongo akiwa ndiyo kwanza ana mwezi mmoja katika timu, ligi ilikubali kuwalipa wachezaji wa zamani dola milioni 765, na kikomo hicho kikaondolewa baadaye. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa baada ya kifo tu, ubongo ukiwa mezani. Mzazi hawezi kumpeleka mwanawe hospitali ya kaunti apimwe.

Lakini mlango haujafungwa. Tangu 2017 NFL ina mpango wa kuwatafuta wachezaji nje ya Marekani, na kambi zake zimekwisha kufika Afrika. Siku moja mtu atakuja Oyugis au Rongo akimtaka yule kijana wa magunia. Mama yake amwulize: ni nani atamtibu goti likivunjika? Mkataba una wiki ngapi za uhakika? Atasoma wakati gani? Na akimwomba nauli ya kwenda Marekani, asimkaribishe hata chai.

Kuna pia aina nyingine ya mchezo huu, isiyo na kofia wala kugongana. Kila mchezaji huvaa vitambaa viwili kiunoni, na badala ya kuangushwa hunyofolewa kimoja. Ni watu watano kwa watano, wanaume na wanawake, nayo imetiwa katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Homa Bay sasa ina uwanja mkubwa, ule uliokaribisha Madaraka Dei mwaka 2025. Vitambaa mwalimu anaweza kuvikata kutoka kwa shati kuukuu.