KUGUNDUA VIWAVIJESHI VAMIZI MAPEMA KATIKA MAHINDI

Mkulima wa Musoma, Bunda na Butiama, kiwavijeshi vamizi ni adui mkubwa wa mahindi yako. Asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alithibitishwa Tanzania. Nondo wake huruka usiku, nawe huwezi kumzuia. Lakini waweza kumgundua mapema.

Siku hizi ziko ndege ndogo zisizo na rubani, ziitwazo ndege nyuki. Nyingine hubeba kamera zenye vihisio vinavyopima mwanga unaorudishwa na majani, hata ule usioonekana kwa macho. Jani lenye afya hurudisha mwanga huo kwa wingi. Jani lililodhoofika hurudisha kidogo. Hivyo shamba kubwa hukaguliwa kwa muda mfupi, na picha huonyesha mahali penye mahindi dhaifu.

Lakini elewa jambo moja: picha huonyesha mahali, haitaji sababu. Ukame, upungufu wa mbolea na kiduha pia hudhoofisha mahindi. Tena ndege nyuki haiyaoni mayai ya nondo, nayo huanguliwa kwa siku chache tu. Anayengoja picha peke yake atakuta kiwavi amekwisha jificha ndani ya moyo wa mmea, ambako dawa humfikia kwa shida.

Kwa hiyo, hata kama ndege nyuki imepita, yakupasa kufanya hivi:

1. Mahindi yakiisha kuota, kagua shamba mara mbili kila juma.

2. Chagua mahali 5 katika shamba. Kila mahali tazama mimea 10, na hesabu iliyoshambuliwa.

3. Tafuta mayai yaliyofunikwa kwa manyoya, majani yenye vidirisha vyeupe, na kinyesi kama unga wa msumeno katika moyo wa mmea.

4. Mtambue kiwavi: usoni ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa 4 yaliyopangika mraba.

5. Ponda mayai na viwavi kwa vidole.

6. Mimea michanga 10 kati ya 50 ikiwa imeshambuliwa, mwone Bwana Shamba au Bibi Shamba siku hiyo hiyo, akueleze dawa ifaayo na kipimo chake.

Kumbuka: dawa huua kiwavi, lakini hairudishi jani lililokwisha liwa. Ingia shambani mapema.