KUCHAGUA MASHINE YA KUKAUSHIA MPUNGA: MAMBO YA KUZINGATIWA KABLA YA KUNUNUA

Wakulima wa mpunga wa Unguja na Pemba, viongozi wa vyama vya ushirika na watendaji wanaohusika na ununuzi wa zana za kilimo wanatanabahishwa kuwa mashine kubwa ya kukaushia nafaka, hasa ile inayovutwa kwa trekta kutoka bonde moja hadi jingine, ni chombo cha gharama kubwa, na kwamba idadi ya tani iliyoandikwa kwenye kibao chake haitoshi kuwa kipimo cha kuichagulia. Chama kinachochukua mkopo kwa kuitegemea nambari hiyo peke yake kinaweza kujikuta kina deni la mashine na mpunga uliooza kwa wakati mmoja. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwasaidia wahusika kuujua kwanza mzigo wao, kisha kuitafuta mashine inayolingana nao.

Haja ya kukausha kwa wakati

Mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Punje iliyovunwa ingali hai. Inapumua na kutoa joto. Ikirundikwa ikiwa mbichi, chungu hupata moto kwa ndani, punje hugeuka manjano, kuvu huota, na mbegu hupoteza uwezo wake wa kumea. Kwa sababu hiyo inashauriwa mpunga uanze kukaushwa kabla ya kupita saa 24 tangu kuvunwa. Kwa kuhifadhiwa miezi michache unyevu usizidi asilimia 14; kwa kuhifadhiwa hadi karibu mwaka, asilimia 13; na kwa mbegu, asilimia 12.

Panapokuwa na jua, kuanika kwenye jamvi au turubai kunabaki kuwa njia rahisi kuliko zote. Mpunga utandazwe kwa unene wa sentimita 2 hadi 4 na ugeuzwe kila nusu saa. Shida huja pale mavuno yanapokutana na mvua, ama masika yakichelewa kuisha, ama vuli ikiwahi kuanza kabla mpunga wa umwagiliaji haujatoka bondeni. Hewa ya visiwani siku za mvua huwa imejaa unyevu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 90 haiwezi kuufikisha mpunga kwenye asilimia 14, hata ukianikwa chini ya paa kwa wiki nzima. Utakauka kidogo kisha utasita.

Hapo ndipo mashine inapohitajika. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 90 ikipashwa moto hadi nyuzi 38, unyevu wake hushuka kufikia karibu asilimia 50, na hewa hiyo hiyo iliyoshindwa kukausha sasa inaweza kuyabeba maji ya punje na kutoka nayo. Kwa hivyo kazi ya mashine ni mbili tu: kuipasha hewa moto kwa kiasi, na kuipitisha kwenye mpunga kwa nguvu ya feni. Mengine yote ni namna ya kuzifanya kazi hizo mbili.

Aina za mashine

Aina ya kwanza ni kasha lenye sakafu ya bati la matundu. Mpunga hujazwa kwa kina cha sentimita 30 hadi 40, na hewa ya moto hupulizwa kutoka chini. Ni mashine rahisi kuundwa na kutengenezwa, lakini mpunga wa chini hukauka kabla ya ule wa juu, na lazima ugeuzwe kwa sepetu.

Aina ya pili, ambayo ndiyo hasa huwekwa juu ya magurudumu, ni pipa refu lenye parafujo katikati. Parafujo huuchukua mpunga kutoka chini na kuupandisha juu, nao huteremka tena taratibu ukipita kwenye hewa ya moto. Kwa kuzungushwa hivyo punje zote hukauka kwa usawa, na kila punje hupata muda wa kupumzika baina ya joto na joto. Hata hivyo, aina hii ina sehemu nyingi zinazozunguka, na kila moja inahitaji grisi, mikanda na beringi.

Aina ya tatu hupokea nafaka upande mmoja na kuitoa upande wa pili bila kusita. Hiyo ni ya maghala makubwa yenye nafaka ya aina moja mfululizo, na haifai kwa mabonde ambayo kila mkulima huleta mapolo yake.

Maana ya tani za kwenye kibao

Watengenezaji wengi huipima mashine kwa mahindi yanayoshushwa unyevu kutoka asilimia 20 hadi 15. Katika kila tani ya mahindi hayo hutoka maji ya kilo 59. Mpunga unaotoka asilimia 22 na kufikia 14 hutoa kilo 93 kwa kila tani. Kazi imeongezeka kwa zaidi ya nusu, ilhali kibao ni kile kile.

Aidha, mpunga hauvumilii moto kama mahindi. Ukikaushwa kwa haraka, punje hupata nyufa zisizoonekana kwa macho, na siku ya kukoboa mchele hutoka chenga. Mpunga wa mbegu usipitishiwe hewa inayozidi nyuzi 43. Wa chakula, katika mashine inayozungusha, unaweza kuhimili joto zaidi kidogo, lakini mwendo wa kukausha ubaki karibu asilimia 1 ya unyevu kwa saa. Kutoka asilimia 22 hadi 14 ni kazi ya saa 8. Ukiongeza muda wa kujaza, kupoza na kutoa, mkupuo mmoja huchukua saa 10 au 11.

Uchukuliwe mfano wa ushirika wenye ekari 60, na kila ekari ikatoa tani 1 na nusu. Jumla ni tani 90. Wakivuna kwa siku 15, mzigo wa kila siku ni tani 6 za mpunga mbichi, sawa na mapolo 80 ya kilo 75. Mbele yao ipo mashine iliyoandikwa tani 12 kwa siku, nao huona kuwa imewatosha mara mbili. Lakini mashine hiyo hubeba tani 3 kwa mkupuo, na muuzaji amehesabu mikupuo 4 ya mahindi. Kwa mpunga haitapata zaidi ya mikupuo 2, usiku na mchana, yaani tani 6 bila ya dakika ya kusita. Mkanda ukikatika alasiri, mpunga wa kesho utaukuta wa leo ungali umelowa.

Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: mashine inabeba tani ngapi kwa mkupuo mmoja, na kwa mpunga wa asilimia 22 mkupuo huo unachukua saa ngapi?

Ubaya wa mashine iliyozidi

Si sahihi pia kukimbilia mashine kubwa kuliko zote. Mashine inayozungusha nafaka hutaka kujazwa. Ikiwa nusu tupu, hewa ya moto hutokea juu pasipo na mpunga, na dizeli huteketea bure. Mkulima mwenye mapolo 10 hawezi kuijaza peke yake mashine ya tani 10, na akichanganyiwa na wenzake ambao mpunga wao una unyevu tofauti, ule mkavu utapasuka kabla ule mbichi haujakauka. Kwa vyama vingi mashine 2 za wastani ni bora kuliko moja kubwa: moja ikiharibika nyengine hufanya kazi, na mpunga wa mbegu hutengwa na wa chakula.

Nguvu na moto

Feni na parafujo huendeshwa kwa shafti ya nyuma ya trekta au kwa mota ya umeme. Mota nyingi za mashine hizo zinataka umeme wa fezi tatu, ambao haujafika katika kila bonde. Ni vyema pia ikakumbukwa kuwa Unguja na Pemba hupata umeme kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na kwamba Unguja ilikosa umeme huo kwa takriban miezi 3, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mashine inayoweza kuendeshwa kwa trekta ina usalama zaidi, ila trekta hilo lisihesabiwe kuwa litalima au kubeba mizigo katika saa hizo hizo.

Kuhusu moto, kukausha tani 1 kutoka asilimia 22 hadi 14 huchukua kiasi cha lita 13 za dizeli, na hupungua au kuongezeka kwa ubora wa mashine. Njia nyengine ni makapi ya mpunga. Tani 1 ya mpunga ikikobolewa hutoa karibu kilo 200 za makapi, na sehemu ndogo ya hayo hutosha kuikausha tani nyengine. Sharti ni kwamba tanuri liwe na mabomba yanayotenga moshi na hewa inayoingia kwenye nafaka, kwani chakula kilichopitiwa na moshi hubeba harufu na masizi.

Mambo ya kukaguliwa

Kabla ya kutoa fedha, kamati ya ununuzi ihakikishe mambo yafuatayo:

(a) Mashine ionyeshwe ikikausha mpunga mbichi, si mahindi, tangu kujazwa hadi kutolewa.
(b) Mabati yawe yamepakwa zinki, kwani hewa ya chumvi hula chuma haraka.
(c) Mikanda, beringi na mabati ya matundu ya akiba yapatikane hapa visiwani, au yanunuliwe pamoja na mashine.
(d) Njia ya kuingilia bondeni ihimili uzito wake siku za mvua. Isipohimili, mashine iwekwe penye ardhi ngumu na mpunga ndio upelekwe.
(e) Kuwe na kidhibiti joto kinachozima moto chenyewe, mtungi wa kuzimia moto, na utaratibu wa kupepeta majani makavu kabla ya kujaza, kwa kuwa ndiyo chanzo kikubwa cha mashine kuungua.
(f) Kuwe na kipima unyevu. Asiyekuwa nacho hukisia kwa meno, na kukisia ndiko kunakozalisha chenga na kuvu.

Kuepuka malalamiko

Jambo la mwisho halihusu mashine bali watu. Mkulima akileta kilo 1,000 za mpunga wa asilimia 22 atarejeshewa kilo 907 zenye asilimia 14, hata kama haikudondoka punje moja. Kilo 93 zilizopungua ni maji. Asiyeelezwa hilo mapema atadhani ameibiwa, na ushirika unaweza kuvunjika kwa dhana hiyo kabla deni la mashine halijalipwa. Kwa hivyo mpunga upimwe uzito na unyevu mbele ya mwenyewe unapoingia na unapotoka, vipimo viandikwe katika daftari, na jedwali la upungufu libandikwe mahali pa wazi. Ada nayo itozwe kwa kilo zilizoingia na kiwango cha unyevu, ili aliyeleta mpunga mkavu asimlipie aliyeuleta umelowa.

Masheha na mabwana na mabibi shamba wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wakulima wa shehia zao. Vyama vinavyokusudia kununua mashine vinashauriwa kuanza msimu huu kuandika mapolo yanayotoka bondeni kila siku na unyevu wake. Daftari hilo la msimu mmoja litasaidia uchaguzi kuliko kibao chochote cha muuzaji.