Utafiti na Kauli ya Wodini: Mfano wa Malezi ya Mtoto Njiti

1.0 Utangulizi

Mara nyingi huchukuliwa kwamba matokeo ya utafiti yakishachapishwa, kazi inayobaki ni kumsomesha muuguzi. Makala haya yanadai kwamba baina ya chapisho na kitanda cha mgonjwa pana kauli, yaani agizo fupi ambalo wauguzi hupokezana zamu kwa zamu. Kauli hiyo isipobadilika, utendaji nao haubadiliki.

2.0 Ushahidi

Njia ya kumfunga mtoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Kwa miaka mingi ilishauriwa ianze baada ya hali ya mtoto kutengemaa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na kilo 1.0 hadi chini ya 1.8. Katika kundi lililoanza mara baada ya kuzaliwa, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, katika kundi lililosubiri, asilimia 15.7. Mwaka 2022 Shirika hilo lilibadili mwongozo wake.

3.0 Kauli

Agizo la zamani laweza kufupishwa hivi: "Mtoto akitengemaa, mfunge kifuani." Kiambishi -ki- hapa kinabeba sharti, na sharti hilo ndilo lililomtenga mtoto na mama. Agizo jipya halina budi kusema: "Mfunge kifuani mara azaliwapo, isipokuwa kama hawezi kupumua mwenyewe, anahitaji mashine ya kupumulia, au mzunguko wake wa damu umedorora." Sasa anayetakiwa kutoa sababu ni amtengaye mtoto, si amfungaye.

Hata hivyo, kauli pekee haitoshi. Katika utafiti huo mama alilazwa chumba kimoja na mtoto wake mahututi. Pasipo kitanda cha mama, agizo halitekelezeki. Aidha, muuguzi wa Tanzania husomea taaluma yake kwa Kiingereza, kisha humwelekeza mama kwa Kiswahili. Tafsiri hufanyika hapo hapo kitandani, aghalabu bila msaada.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri, basi, kwamba kuunda kauli za wodini ni kazi ya wauguzi na wanaisimu kwa pamoja. Kiambishi kimoja chaweza kumchelewesha mtoto kufika kifuani mwa mamaye.